Adui wa kitabu cha pili awe ameshamsoma

SWALI: "Kitabu changu cha kwanza ni riwaya ya picha ya fantasia. Zawadi, msichana wa miaka 14 anayecheza mchezo wa upanga aina ya foili klabuni, anarithi upanga wa marehemu bibi yake, na upanga huo unamfungulia njia ya kuingia Nchi ya Vivuli. Mwishoni anamshinda Mfalme wa Majivu kwa pigo alilofundishwa na bibi. Sasa nachora cha pili. Zawadi ana miaka 16, upanga una nguvu zaidi, adui ni mkubwa mara kumi, na kuna mapambano matatu ya kurasa 10 kila moja. Rafiki zangu walioipitia rasimu wanasema mapambano wanayaruka. Nimwongezee nguvu? Na nitaonyeshaje hisia zake wakati uso umefunikwa na barakoa?"

JIBU: Usimwongezee nguvu. Mpunguzie. Na huyo adui mkubwa mara kumi mpunguze pia, hata akilingana kimo na Zawadi ni sawa, maana tatizo la rasimu yako haliko kwenye ukubwa wa mtu yeyote. Nimezisoma kurasa ulizonitumia. Mapambano yote matatu yanauliza swali ambalo kitabu cha kwanza kilishalijibu: je, Zawadi anaweza kushinda? Msomaji anajua kwamba anaweza, alimwona kwa macho yake. Ndiyo maana anafunua haraka ili ayafikie maongezi.

Mchezo wenyewe unakupa swali jipya. Mchezaji wa upanga akishinda mashindano kwa pigo fulani, wapinzani wake wote watakuja na pigo hilo kichwani. Wamelitazama, wamelifanyia mazoezi, wanajua linaanzia mkono gani na linaishia wapi. Ameshasomwa. Jana alishinda kwa sababu hakuna aliyemjua, leo kila mtu anamsubiri palepale. Kitabu chako cha pili kianzie hapo: kuna mtu katika Nchi ya Vivuli aliyeshuhudia Mfalme wa Majivu akianguka, na tangu siku hiyo amekuwa akilisoma pigo la bibi. Mtu huyo hahitaji mabawa wala moto mdomoni.

Tulitazame pigo lenyewe kwa karibu, kwa kuwa ndilo litakalobeba kitabu kizima. Jinsi ulivyolichora, Zawadi ananyoosha mkono kana kwamba analenga bega. Adui anapeleka upanga wake kukinga, Zawadi anaipitisha ncha chini ya upanga huo, kisha anapiga lanji: mguu wa mbele unarushwa, wa nyuma unanyooka, na ncha inatua kifuani. Ni chenga ya kawaida katika foili, na ni nzuri. Chenga hiyo ina namna kadhaa za kuvunjwa, na kila namna inakuchorea adui wa tabia tofauti.

Wa kwanza haiamini chenga. Zawadi anaponyoosha mkono kudanganya, adui hakingi kitu, anapiga moja kwa moja wakati Zawadi yuko wazi. Huyo ni jasiri, na pengine ni mtu asiyejali kuumia. Wa pili anarudi nyuma nusu hatua tu, lanji inaishia hewani kwa kasoro ya upana wa kiganja, na sasa Zawadi amejitandaza mbele yake hana pa kwenda. Huyo ni mvumilivu. Wa tatu anakinga kwa duara: ncha yake inazunguka na kuukusanya upanga wa Zawadi popote unapopita, juu au chini. Huyo amekaa miaka na mwalimu mzuri, na mimi ningemchagua yeye. Ukurasa ambao Zawadi anahisi upanga wake umekamatwa mahali ambapo hapajawahi kuwa na mtu utamshtua msomaji kuliko jitu lolote. Uweke mapema, kabla ya robo ya kwanza ya kitabu kwisha. Zawadi ashindwe, na ashindwe kwa pigo la bibi.

Kabla ya kwenda mbele, nina neno moja kuhusu ukurasa wako wa 31. Fremu ya tatu inamwonyesha Zawadi akifyeka kwa ubavu wa upanga kama mtu anayekata nyasi. Kwenye foili pigo la namna hiyo halihesabiwi. Kati ya aina tatu za panga za mchezo huu, foili na epe ni silaha za kuchoma, ncha peke yake ndiyo inayofunga pointi, na ni kitara tu ndicho kinachoruhusu makali. Upanga wa foili pia ni mwepesi, haufiki gramu 500, na ncha ikitua unapinda kwa upinde ambao jicho linauona waziwazi. Uchore upinde huo. Ndio unaomwambia msomaji kwamba pigo limefika, na utakuokoa na zile cheche ulizozitawanya kila ukurasa.

Sasa tuje kwenye sheria, maana naamini fantasia yako imelala humo. Katika foili shabaha ni kiwiliwili tu, na kuna haki ya shambulio. Wachezaji wawili wakigusana kwa wakati mmoja, refa anampa pointi yule aliyeanza kushambulia kihalali, na aliyeshambuliwa anatakiwa kwanza akinge ndipo apate haki ya kujibu. Epe haina mambo hayo. Shabaha ni mwili mzima, kuanzia barakoa hadi kidole cha mguu, silaha ni nzito zaidi, hadi gramu 770, na hakuna haki ya mtu yeyote. Wakigusana ndani ya sehemu moja ya 25 ya sekunde, wote wawili wanapata pointi.

Fikiria Nchi ya Vivuli ya kitabu cha kwanza ilikuwa nchi ya foili. Kulikuwa na utaratibu, aliyeanza kwa haki alilindwa, na Zawadi alikulia ndani ya ulinzi huo bila kuuona. Katika kitabu cha pili mpeleke sehemu ya nchi hiyo inayofuata sheria ya epe. Huko hakuna anayeuliza nani alianza. Mkono unaochomwa ni halali, goti ni halali, na wakichomana pamoja wote wawili wanadhurika. Upanga wake ni uleule, nguvu zake ni zilezile, lakini nusu ya alichofundishwa hakimlindi tena. Msichana wa miaka 16 anayegundua kwamba kuwa na haki hakutoshi kumkinga ni mhusika ambaye ningemfuata kurasa 200.

Hilo linamgusa bibi pia, na hapa historia iko upande wako. Wanawake walianza kushindana kwa upanga kwenye Olimpiki mwaka 1924, na kwa miaka mingi walipewa foili peke yake. Epe ya wanawake iliingia Olimpiki mwaka 1996, kitara mwaka 2004. Bibi yake Zawadi, kama aliota Olimpiki katika ujana wake, aliiota kwa foili, kwa sababu mlango mwingine haukuwapo. Kwa hiyo sheria ya epe ni jambo ambalo bibi hakuweza kumrithisha. Huhitaji kubuni siri ya ukoo wala barua iliyofichwa. Pengo hilo ni la kweli, lina sababu yake, na Zawadi analazimika kulijaza yeye mwenyewe.

Usihofu umri wake. Helene Mayer wa Ujerumani alitwaa dhahabu ya foili kwenye Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928 akiwa na miaka 17. Msichana wa miaka 16 anaweza kabisa kuwa hatari kwa watu wazima. Ila kumbuka kwamba kati ya miaka 14 na 16 mwili unabadilika. Mkono umerefuka, mguu umerefuka, na umbali aliouzoea si wake tena. Lanji iliyokuwa ikifika sasa inapita au inatua vibaya. Kurasa mbili za mazoezi zinazoonyesha Zawadi akikosa shabaha ambayo zamani alikuwa akiipiga bila kufikiri zitamfanya msomaji aielewe miaka hiyo miwili kuliko maelezo yoyote.

Barakoa. Swali lako ni zuri na wachoraji wengi wanalikwepa kwa kumvua shujaa barakoa katikati ya pambano, jambo ambalo linaua ukweli papo hapo. Acha barakoa ibaki. Uso uonekane kupitia wavu wa chuma mara chache sana, ningesema fremu moja kwa pambano zima, na fremu hiyo iwe ya karibu mno, jicho moja na nyuzi za wavu zikilikata. Kwingineko kote mwili ndio unaosema.

Tazama mkono unaoshika upanga. Mchezaji aliyetulia anaongoza ncha kwa kidole gumba na cha shahada, vidole vingine vimelegea na vinabana dakika ya mwisho tu. Mwenye hofu anabana vidole vyote tangu mwanzo, na bega lake linapanda hadi sikioni. Kiwiko chake kinarudi nyuma kana kwamba anauficha upanga. Uzito wake unahamia mguu wa nyuma, na kidole kikubwa cha mguu wa mbele kinainuka sakafuni. Mwenye hasira anafanya kinyume: kichwa kinatangulia, kinalipita goti la mbele, na mkono wa nyuma unasahauliwa ukining'inia. Chora Zawadi wa hofu na Zawadi wa hasira bila uso wowote, ukurasa mzima kila mmoja, kabla hujagusa rasimu tena. Ukiwapata hao wawili, barakoa haitakusumbua.

Halafu kuna salamu. Sheria inamtaka kila mchezaji amsalimie mpinzani, refa na watazamaji kwa upanga kabla ya pambano, na pambano likiisha amsalimie tena mpinzani. Salamu hutolewa uso ukiwa wazi. Hizo ndizo fremu zako za uso, moja kabla na moja baada, zikiwa na pembe ileile na umbali uleule ili msomaji alinganishe. Na katika Nchi ya Vivuli, je, adui anasalimu? Mimi ningependa asalimu, tena kwa unyenyekevu wa kweli. Adui anayekuheshimu na bado anataka kukumaliza anatisha zaidi ya yule anayetukana.

Jambo lingine ambalo ningekuomba ufanye ni kumfanya adui huyo awe mashoto. Sababu ya kwanza ni ya mchezo wenyewe: wachezaji wengi hutumia mkono wa kulia, kwa hiyo mashoto amezoea kupambana nao kuliko wao walivyozoea kupambana naye. Sababu ya pili ni ya mchoraji. Ukiwachora watu wawili wa mkono wa kulia wakikabiliana, mmoja lazima akupe mgongo. Yule aliye kushoto mwa ukurasa, akinyoosha mkono wa kulia kuelekea kulia, kifua chake kinatazama upande wa pili. Ndiyo maana katika kurasa zako Zawadi anaonekana mgongo kila anaposhambulia, na nadhani hukujua kwa nini fremu hizo zinakosa uhai. Mashoto akikaa kushoto na wa kulia akakaa kulia, vifua vyote viwili vinamwelekea msomaji. Hata sheria za mchezo humweka mashoto upande wa kushoto wa refa kwa ajili hiyo, ili refa awaone wote wawili.

Mpangilio huo una faida nyingine. Sisi tunasoma kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo anayetokea kushoto anaonekana anasukuma hadithi mbele, na aliye kulia anaonekana anazuia. Katika kitabu cha kwanza Zawadi alitokea kushoto kila mara. Mashoto akimpora upande huo, msomaji atahisi mambo yamegeuka kabla hata pigo la kwanza halijapigwa. Zawadi atashambulia dhidi ya mwendo wa macho ya msomaji. Baadaye, kwenye fremu moja tu, ile ambayo Zawadi anapanga jambo ambalo hutaki lijulikane, hamia upande wa pili wa uwanja. Wote wawili watakuwa migongo, na msomaji hataona mikono. Usilirudie hilo. Na usihame upande ovyo sehemu nyingine, maana msomaji atapoteza nani ni nani.

Urefu wa kurasa 10 kwa kila pambano uache. Pambano la kwanza, lile la kushindwa, linatosha kurasa 3. La pili 5 au 6. La mwisho lipe hata 16 ukitaka. Kipimo changu ni hiki: kila ukurasa wa pambano uwe na uamuzi mmoja wa mhusika. Ukurasa ambao panga zinagongana tu bila mtu kuamua lolote ufute, hata kama umeuchora vizuri. Pigo lenyewe linakwisha kwa sehemu ya sekunde, kwa hiyo lipe fremu ndogo. Nafasi kubwa ipe maandalizi: hatua mbele, hatua nyuma, upanga unaoguswa kidogo kupima jibu. Uamuzi uweke fremu ya mwisho ya ukurasa wa kulia, matokeo yaje baada ya kufunua.

Maongezi ndani ya mapigo yaondoe yote. Hakuna mwenye pumzi ya kuhutubu akiwa kwenye lanji. Mchezo umekutengea mahali pa kusemea: katika foili na epe, pambano la mtoano la pointi 15 lina vipindi vitatu vya dakika 3, na kati yake kuna mapumziko ya dakika moja. Dakika hiyo barakoa inavuliwa, kocha anasogea, jasho linafutwa, na maneno machache yanatakiwa kutosha. Weka maongezi yako yote ya pambano humo. Uwanja nao utumie: una urefu wa mita 14 na upana usiozidi mita 2, mita 2 za mwisho kila upande zimewekewa alama, na ukirudi nyuma hadi kuupita mstari wa mwisho kwa miguu yote miwili, mpinzani anapata pointi. Daraja lako la Nchi ya Vivuli lifanye la vipimo hivyohivyo. Msomaji akishajua alama ya mita 2 iko wapi, kisigino kinachoikanyaga kitamtia wasiwasi bila tanakali za sauti. Nazo zipunguze. Mguu unaopiga sakafu upe sauti, panga ziache.

Katika pambano la tatu umevunja upanga wa bibi, na Zawadi anaendelea kupigana na kipande. Tukio hilo lina uzito kuliko ulivyolitendea. Mwaka 1982, kwenye ubingwa wa dunia mjini Roma, upanga wa foili ulivunjika na kipande kikapenya barakoa ya Vladimir Smirnov wa Umoja wa Kisovyeti, bingwa wa Olimpiki wa 1980. Alifariki. Baada ya hapo barakoa, mavazi na chuma cha panga vilibadilishwa. Mtu yeyote anayeujua mchezo huu, upanga ukivunjika anasimama palepale. Basi uvunjike, lakini swali liwe nani anasimama. Kama mashoto wako atasimama na kuishusha ncha yake wakati Zawadi kwa hasira anataka kuendelea, umepata ukurasa bora wa kitabu. Kisha mpe Zawadi upanga mwingine, ambao hauna bibi ndani yake.

Kwa upanga huo wa kawaida ndipo amalize, kwa kile ambacho makocha huita dhamira ya pili. Unashambulia ukijua utakingwa, kwa sababu unachokitaka ni jibu la mpinzani: akishakinga na kujibu, unalikinga jibu lake na kupiga pale alipojifungua. Zawadi arudie pigo la bibi, lilelile, mbele ya mtu anayelijua kuliko mtu yeyote aliye hai. Adui ataizungusha kinga yake ya duara kama kawaida, na safari hii ndicho Zawadi anachokisubiri. Ila chambo hicho lazima kiwe cha kweli. Lanji ya kuigiza haimdanganyi mtu aliyefunzwa, kwa hiyo itabidi alitoe pigo la bibi kwa moyo wote huku akijua litashindwa. Hapo mpe kurasa mbili zinazokabiliana, bila neno hata moja.

Kwa wasomaji ambao hawakukisoma cha kwanza, usiandike muhtasari. Ukurasa wa kwanza waonyeshe watoto wadogo wa klabu wakimwomba Zawadi awaonyeshe pigo lile maarufu, naye anawaonyesha, mara moja, mara mbili, taratibu kabisa. Wapya watalijua pigo, wa zamani watalikumbuka, na mtu aliyesimama nyuma ya dirisha atakuwa analitazama pia.

Anza na michoro midogo ya pambano la kwanza tu, zile kurasa 3, kwa penseli, bila viputo vya maneno. Mpe mtu asiyewahi kuuona mchezo huu, umuulize nani alishinda na alishindaje. Akikosea, badilisha fremu. Usimwongezee maelezo. Akipata, nitumie.